Mtihani wa Darasa la Saba: Tathmini ya Huduma Inayoamua Mengi kwa Siku Mbili

Kila mwezi wa Septemba, watoto zaidi ya milioni moja wa Tanzania Bara huingia katika vyumba vya mtihani kwa siku mbili mfululizo, na wiki chache baadaye matokeo yao huwekwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Tumezoea kuandika tathmini za hoteli, za kampuni za mabasi na za mitandao ya simu, lakini huduma hii, ambayo karibu kila familia huipokea na ambayo haina mshindani, mara nyingi husifiwa au kulaumiwa kwa kuangalia tu nani amefaulu na nani ameshindwa. Nimeona nayo istahili kupitiwa kama huduma nyingine yoyote: inaahidi nini, inatoa nini, na je, kinachotolewa kinalingana na kilichoahidiwa? Naandika nikiwa mwalimu niliyefundisha Hisabati na Sayansi darasa la saba, kwanza katika shule ya serikali na baadaye katika shule ya binafsi, na tofauti niliyoiona kati ya vyumba hivyo viwili vya darasa ndiyo iliyonifanya nilifikirie jambo hili kwa uzito.

Niseme hukumu yangu mapema ili msomaji asisubiri. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi ni huduma inayoendeshwa kwa uangalifu mkubwa na inayosahihishwa kwa haki. Hata hivyo, kusahihisha kwa haki ni jambo moja, na kupima uwezo wa mtoto kwa haki ni jambo jingine, na katika hilo la pili mtihani huu unapewa imani kubwa kuliko inavyostahili. Sehemu kubwa ya kile tunachokisoma kama akili ya mtoto ni jumla ya nafasi alizopata: mwalimu aliyekuwapo, kitabu kilichokuwapo, lugha aliyofundishiwa, na idadi ya watoto aliobanana nao kwenye dawati.

Kwa asiyeufahamu vizuri, mtihani una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, na jumla ni 300. Mwenye alama 241 na kuendelea hupata daraja A, mwenye 181 hadi 240 hupata B, mwenye 121 hadi 180 hupata C, mwenye 61 hadi 120 hupata D, na aliye chini ya hapo hupata E. Waliopata A, B na C ndio wanaohesabiwa kuwa wamefaulu, nao mwaka 2024 walikuwa karibu asilimia 81 ya waliofanya mtihani. Wachache wenye alama za juu kabisa huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala na Msalato, wengine hupangiwa shule za bweni, na walio wengi huenda shule za kutwa za kata.

Nianze na mazuri, kwa sababu ni mengi na wanaoulaumu mtihani huyapita haraka mno. Baraza lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na tangu wakati huo limejenga utaratibu ambao nchi nyingi zenye shule zilizotawanyika kama zetu zingeuonea fahari. Karatasi ileile hufunguliwa Kigoma na Mtwara kwa saa ileile. Mtoto hutambulishwa kwa namba, na tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua huwekwa kivuli kwenye fomu maalumu inayosomwa na mashine, ambayo haijui kama aliyeshika penseli ni mtoto wa mkuu wa wilaya au wa muuza mkaa. Watahiniwa wasioona hupewa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu hupewa maandishi yaliyokuzwa, na wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Baada ya matokeo, Baraza huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikionyesha swali kwa swali ni wapi watoto waliteleza na kwa nini. Taarifa hizo zimeandikwa kwa kina, ni za bure, na naamini hakuna chapisho la elimu hapa nchini lenye manufaa kwa mwalimu likasomwa na wachache kama hilo.

Zaidi ya uendeshaji, kuna ulinzi ambao mtihani wa kitaifa humpa mtoto wa maskini. Tufikirie mfumo ambao nafasi za sekondari zingegawiwa kwa mapendekezo ya mwalimu mkuu, kwa usaili, au kwa barua ya mjumbe. Nani angepata? Mtoto wa mama anayeuza mboga sokoni hana mjomba ofisini wala jina linalofahamika, lakini ana kiganja kinachoweza kuweka kivuli kwenye herufi sahihi, na alama anazozipata hakuna anayeweza kumnyang'anya kwa sababu ya kabila lake, dini yake au kiatu chake kilichotoboka. Wapo watu wengi waliofika mbali katika nchi hii kwa njia hiyo tu. Yeyote anayetaka mtihani ufutwe kesho anapaswa kwanza kueleza ni kipi kitakachomlinda mtoto huyu.

Sasa tuje kwenye kinachopimwa. Maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano, na machache ni ya majibu mafupi. Nimesikia wazazi wakisema kwamba kwa muundo huo mtoto asiyejua kitu anaweza kufaulu kwa kubahatisha. Hilo si kweli, na ni haki kulisahihisha: katika maswali 40 yenye majibu matano kila moja, anayeweka kivuli bila kusoma atapata wastani wa maswali manane, na kwa kiwango hicho katika masomo yote atabaki daraja E. Tatizo la kweli liko katikati, kwa mtoto anayejua nusunusu, ambaye bahati ya maswali machache inaweza kumvusha au kumzamisha. Na liko upande wa pili pia, kwa mtoto anayejua vizuri. Katika Hisabati nilikuwa na wanafunzi waliofuata hatua zote za kutafuta eneo la umbo mchanganyiko, wakaelewa kwa nini wanatoa pembetatu kutoka mstatili, kisha wakakosea kuzidisha kwenye mstari wa mwisho. Katika swali la kuchagua, mtoto huyo na yule ambaye hakuelewa lolote hupata sifuri ileile. Mwalimu aliyeona daftari lake anajua kwamba watoto hao wawili hawalingani hata kidogo, lakini daftari haliingii kwenye chumba cha mtihani.

Mwaka huohuo wa 2012, ambapo Hisabati nayo ilitahiniwa kwa maswali ya kuchagua pekee, nchi ilikuwa katika mjadala mzito baada ya kubainika kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Wengi walitafuta wa kulaumiwa, wakataja wizi wa mitihani na usimamizi legelege. Mimi naona tukio lile lilisema jambo kubwa zaidi: kama mtoto asiyejua kuandika sentensi anaweza kupita, basi mtihani haukuwa umemtaka aandike sentensi. Kurudishwa kwa maswali ya majibu mafupi miaka iliyofuata kulikuwa hatua njema, ingawa ndogo.

Tazama somo la Kiswahili. Kwa miaka mingi, sehemu iliyoitwa utungaji imekuwa ikimpa mtoto sentensi chache zilizochanganywa na kumtaka azipange kwa herufi ili zilete mtiririko wenye mantiki. Ni zoezi zuri la usomaji, lakini si utungaji. Mtoto anaweza kumaliza miaka saba ya shule, akapata A ya Kiswahili, bila mtu yeyote wa nje ya shule yake kuwahi kusoma aya moja aliyoitunga mwenyewe. Hadithi anayoweza kuisimulia hadi darasa likanyamaza, barua anayoweza kuiandika kwa niaba ya bibi yake, hoja anayoweza kuijenga na kuitetea, yote hayo hayana mahali pa kuandikiwa. Katika Sayansi, mtoto anayeweza kuunganisha betri, waya na balbu hadi taa ikawaka anaulizwa kuhusu mchoro wa sakiti kwenye karatasi. Na somo linalobeba jina la Stadi za Kazi hutahiniwa kwa maandishi tangu mwanzo hadi mwisho: ususi, ushonaji, upishi na kilimo vinageuka kuwa maneno ya kukariri. Nimewahi kufundisha kijana aliyekuwa akitengeneza redio za jirani zake zilizoharibika, naye aliondoka shuleni akiwa na D, akiamini kwamba taifa limempima na kumwona hana kitu. Nasikitika hadi leo ninapomkumbuka, kwa sababu hakuna swali hata moja kati ya yale yote lililomuuliza kile alichokijua.

Jambo la lugha linanigusa kuliko mengine, na nitalieleza kwa kirefu. Mtoto wa shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba na kutahiniwa kwa Kiswahili, isipokuwa katika somo la Kiingereza. Mwenzake wa shule inayofundisha kwa Kiingereza hufanya mtihani huohuo kwa Kiingereza. Hadi hapo kuna usawa, kwa kuwa kila mmoja anapimwa kwa lugha aliyojifunzia. Usawa huo unavunjika Januari inayofuata, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, ambapo wote wawili huanza kufundishwa kwa Kiingereza na baada ya miaka minne kukutana katika mtihani mmoja wa kidato cha nne. Yule aliyeeleza vizuri usanisinuru darasa la saba, akachora jani, mwanga na maji, sasa anakutana na elimu ileile ikiwa imevaa majina asiyoyajua, naye anakaa kimya. Mwalimu wake anadhani hajui. Baada ya muda, yeye mwenyewe anadhani hajui.

Mtihani wa kidato cha nne katika Fizikia, Biolojia, Jiografia au Historia ni mtihani wa vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani somo lenyewe na Kiingereza, lakini cheti hutoa alama moja tu. Anayesoma cheti hicho, awe mwajiri au chuo, hawezi kujua kama F ya Biolojia ilitokana na kutojua chembehai au kutolielewa swali. Kwa mtu anayetaka kupima uwezo hili ni kosa la msingi, kwa kuwa kipimo kimechanganya kitu kinachopimwa na kitu kingine ambacho watoto wa tabaka fulani wamekipata nyumbani na katika shule za kulipia. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia na mtoto lazima akijue. Nakubaliana nao kwamba akijue, na ndiyo sababu kuna somo la Kiingereza lenye mtihani wake. Sioni kwa nini somo hilo lihesabiwe tena, kimyakimya, ndani ya masomo mengine yote.

Lipo pia suala la mistari ya kukatia madaraja. Mwenye alama 120 amepata D, naye hakufaulu. Mwenye 121 amepata C, na anakwenda sekondari. Kati yao kuna alama moja, pengine swali moja alilolisoma vibaya asubuhi ile kwa sababu alikuwa na homa. Hakuna kipimo cha binadamu chenye usahihi wa kutenganisha watoto wawili kwa kiasi hicho. Kama watoto haohao wangefanya mtihani mwingine wa kiwango hichohicho wiki inayofuata, wengi wa walio karibu na mstari wangebadilishana nafasi. Aliyeshindwa hana mtihani wa marudio wa kawaida. Mlango uliobaki kwake ni elimu nje ya mfumo rasmi, ambako akiwa na bidii na ada anaweza kufanya mtihani wa maarifa, maarufu kama QT, kabla ya kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kwamba mistari hiyo ni maamuzi ya watu, tulijifunza kwa uchungu mwaka 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata divisheni sifuri, yaani wamefeli. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikaliambia Bunge kwamba matokeo yale yanafutwa na alama zinapangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa madaraja uliotumika mwaka ule ulikuwa tofauti na wa miaka iliyotangulia. Zoezi lilipokamilika, kiwango cha ufaulu kilipanda kutoka asilimia 34.5 hadi asilimia 43.08. Hakuna mtoto aliyeandika neno jipya. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, makosa yaleyale, lakini makumi ya maelfu ya vijana waliokuwa wameambiwa kuwa wameshindwa waliambiwa baada ya miezi mitatu kuwa wamefaulu. Baada ya hapo ukaja mfumo wa wastani wa pointi, yaani GPA, kisha mwanzoni mwa mwaka 2016 tukarudishwa kwenye divisheni. Silaumu juhudi za kutafuta mfumo bora. Ninachosema ni kwamba mzazi anayeitazama sifuri ya mwanawe kama ukweli wa milele kuhusu ubongo wake aikumbuke miezi ile mitatu.

Tofauti za maandalizi ni nzito vilevile. Katika shule ya serikali niliyofundisha, watoto zaidi ya mia moja walikuwa katika chumba kimoja, vitabu vilishirikiwa na watoto watano au sita, na kipindi cha Hisabati kilitosha kusahihisha madaftari ya safu mbili za mbele tu. Katika shule ya binafsi niliyohamia, darasa lilikuwa na watoto wasiofika 40, majaribio yalifanyika kila wiki, na mwaka mzima wa darasa la saba ulitumika kupitia mitihani iliyopita hadi watoto wakaweza kubashiri aina ya swali kabla hawajamaliza kulisoma. Kulikuwa na kambi, kulikuwa na tuisheni ya jioni, na kulikuwa na moko ya wilaya, ya mkoa na ya shule marafiki. Watoto hawa hawakuzaliwa na vichwa bora kuliko wale. Mizani inaweza kuwa sahihi hadi gramu ya mwisho, lakini uzito wa gunia pekee hauwezi kukuambia nani ni mkulima hodari, ikiwa mmoja alilima bondeni kando ya mto na mwingine alilima kwenye changarawe. Matokeo yalipotoka, wazazi wa shule ile ya binafsi waliamini wamelipia akili. Walichokuwa wamelipia ni mazoezi ya mtihani, na kwa kiasi fulani elimu nzuri, na takwimu za madaraja haziwezi kutenganisha hivyo viwili.

Kwa sababu hiyo nililipokea kwa furaha tangazo la Januari 2023, wakati Baraza lilipoacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, likieleza kwamba kuzilinganisha shule zisizo na mazingira sawa hakuna tija. Orodha zile ziligeuzwa matangazo ya biashara. Shule iliyotaka kubaki kileleni ilijua njia rahisi kuliko kufundisha vizuri, nayo ni kuwachuja wanafunzi dhaifu kabla ya darasa la mtihani, kuwakaririsha, au kuwashauri wazazi wawahamishe. Aliyekuwa akisoma orodha hakuona watoto waliotolewa njiani.

Uzito wa mtihani huonekana pia katika udanganyifu. Mwaka 2018 matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na ya baadhi ya shule za mikoa mingine, yalifutwa kwa sababu ya kuvuja kwa mtihani, na watoto wakalazimika kuurudia mwezi Oktoba. Katika matukio ya namna hii walio na hatia huwa ni watu wazima, wanaosukumwa na hofu ya kushushwa cheo au tamaa ya kusifiwa, na anayekaa tena kwenye dawati akitetemeka ni mtoto wa miaka 13. Nililiwaza sana jambo hili: mtihani ungekuwa unatumika kumsaidia mtoto ajue pa kuongeza juhudi, nani angeuiba?

Wapo wanaosema tuyape uzito maendeleo ya darasani, mwalimu anayemjua mtoto ampe alama. Wazo hili lina ukweli, lakini naliogopa pia. Mtihani wa kidato cha nne tayari hubeba alama za maendeleo, na kila mwalimu wa sekondari anajua shinikizo la kuzipandisha. Mwalimu anaishi na wazazi wa wanafunzi wake, anakopa dukani kwao, na huombewa dua nao msibani. Kumpa mtoto wao alama 28 kunahitaji ujasiri ambao mashine haiuhitaji. Kenya, ambayo ilifanya mtihani wake wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, mwaka 2023 baada ya kuutumia tangu mwaka 1985, imejaribu njia ya kati: nafasi ya mwanafunzi katika sekondari ya juu inategemea mtihani wa gredi ya tisa kwa asilimia 60, wa gredi ya sita kwa asilimia 20, na tathmini za shuleni kwa asilimia 20. Naona uwiano huo una busara, kwa sababu hakuna siku moja inayobeba kila kitu na mwalimu ana sauti, ingawa sauti yake haitoshi kuharibu.

Kwetu mabadiliko yamekuja kwa njia nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mtihani wa kuchuja katikati unapoteza kazi yake. Hili ni jambo jema kuliko yote niliyoyataja, kwani sehemu kubwa ya dhuluma ninayoilalamikia haimo kwenye maswali. Imo kwenye kufungiwa mlango kwa mtoto kutokana na maswali hayo. Upimaji unaokuja badala yake unaweza kubaki na mazuri yote ya huu wa sasa, yaani karatasi moja kwa nchi nzima, namba badala ya jina, na usahihishaji usio na upendeleo, bila kubeba mamlaka ya kuamua maisha ya mtu akiwa na umri ambao bado analala chumba kimoja na bibi yake.

Kwa anayeniuliza kama naipendekeza huduma hii, jibu langu linategemea anataka kuitumia kwa kazi gani. Wizara na halmashauri zikitaka kujua ni kata ipi haina walimu wa Hisabati, au ni mada gani ya Sayansi imewashinda watoto wa mkoa mzima, mtihani huu ni chombo cha kuaminika, na wautumie zaidi ya wanavyoutumia sasa. Mwalimu anayetaka kujua kama amefundisha muhtasari wote atapata humo jibu la maana, mradi alinganishe darasa lake na hali ya darasa lake, asilinganishe na shule yenye watoto 35. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ana akili asiutumie kabisa. Akae naye jioni, amwombe amsomee gazeti kisha amweleze alichokisoma, ampe hesabu ya mauzo ya siku na kumtazama anavyoifikiria, amsikilize anapobishana na wenzake. Atajua mengi ambayo herufi moja haiwezi kusema.

Nina ombi moja kwa wanaoutoa. Kwa sasa mtoto anapewa herufi sita, moja kwa kila somo, na ya saba ya wastani. Hajui kama C yake ya Hisabati ilitokana na sehemu, na maumbo, au na mafumbo ya maneno, wala mwalimu wa kidato cha kwanza atakayempokea hajui. Mashine imekwishasoma kila kivuli alichokiweka, na taarifa za uchambuzi za kitaifa zinathibitisha kwamba majibu hayo huchambuliwa swali kwa swali. Kila shule ya msingi ipewe uchambuzi huo kwa kila mtoto na kwa kila mada, kisha upelekwe pamoja na jina lake kwenye sekondari aliyopangiwa kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari, ili mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza ajue siku ya kwanza kabisa kwamba watoto kumi na wawili wa darasa lake hawajaelewa sehemu, na aanzie hapo.